Kikopo Chenye Jina la Verlin

Ninachokumbuka kwanza ni mvuke. Kabla ya maneno, kabla ya uso wake, nakumbuka mvuke mwembamba ukipanda kutoka kwenye kichupa cha sosi ya pilipili nilichokuwa nimekijaza mkojo wangu mwenyewe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuma ya rundo la boriti za chuma, katika baridi ya kugandisha mate mdomoni. Nilikifunga kwa nguvu, nikampa Verlin Tackett. Akakipitisha chini ya koti, chini ya sweta, chini ya fulana, akakibana kwapani kama mtu anayepimwa homa.

"Ulikiosha lakini?" nikamuuliza.

"Mara tatu. Wakipima pilipili nimekwisha."

"Usicheke. Kikipoa nesi anakukamata. Kile kikopo chao kina karatasi ya kupimia joto."

"Mkomunisti," akasema, kwa jina alilonibandika mwenyewe, huku meno yanamgongana, "miaka yote nalipa ada ya chama, leo ndiyo mara ya kwanza mnanipa kitu cha moto."

Ilikuwa tarehe saba Januari, 1994, kwenye daraja tulilokuwa tunalijenga juu ya mto Monongahela. Mimi ni Emil Hudock, fundi chuma, na wakati ule nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale kazini. Verlin alikuwa mwenzangu wa juu. Winchi ikileta boriti, yeye anaipokea ncha moja, mimi nyingine. Tunaivuta na kuisukuma mpaka matundu yaonane, kila mtu anapachika bolti yake ya kwanza, kisha tunasogea. Mtu wa ncha ya pili unamwamini kuliko mkeo, kwa sababu mkeo akikosea huanguki mita arobaini. Tulikuwa tumefanya hivyo miaka saba.

Mkataba ulisema kwamba majina ya watu waliochaguliwa na kompyuta kupimwa dawa za kulevya yaonyeshwe kwanza kwa mwakilishi, atie sahihi kuwa hakuna aliyeonewa. Kifungu hicho nilikipigania mimi, mwaka 1988, walipotuletea huo mpango wao. Kwa hiyo saa kumi na mbili nilikuwa nimeshayaona majina, na wenyewe walikuwa hawaitwi mpaka saa nne, wakati wa kahawa. Siku ile lilikuwemo la Verlin. Nilimfuata kwenye gari lake nikamwambia, na nilipomwona anavyoukamata usukani, nikajua.

"Bangi," akasema. "Usiku wa Mwaka Mpya, kwa shemeji yangu. Pafu mbili, Emil. Kinakaa mwilini mwezi mzima, kitu kile."

"Bangi tu?"

"Bangi tu."

Sasa nisikilizwe vizuri hapa, maana nimeulizwa swali hili na watu wengi, na mtu aliyeniuliza mara nyingi zaidi ni mimi. Mimi sinywi hata bia. Niliacha mwaka 1979, siku niliyomwona fundi mmoja mlevi akitembea juu ya boriti kama yuko barazani kwake, mpaka boriti ikaisha. Sihitaji kuambiwa na mtu wa ofisini kwamba ulevi na urefu havikai pamoja. Lakini pale langoni petu kulikuwa na mabango mawili. La kwanza lilisema SIKU 1,312 BILA AJALI. La pili lilisema HAPA NI KAZI BILA DAWA. Na yote mawili yalikuwa yanadanganya, na mimi nilikuwa najua yanavyodanganya, kwa tarehe na kwa saa.

Tarehe kumi na moja Julai, 1991, Verlin aliteleza akaanguka mita tatu, akatua kwa mgongo juu ya rundo la mbao. Kesho yake asubuhi, gari la kampuni lilimfuata nyumbani. Walimbeba, wakamlaza kwenye kochi ndani ya kontena la ofisi, wakamwekea gazeti kifuani. Alilala pale siku tisa, analipwa kama yuko kazini, kwa sababu mtu aliyefika kazini hajaumia, na bango halirudi kwenye sifuri. Siku ya kumi alipanda juu. Aliyemwezesha kupanda alikuwa daktari wa kampuni, na alichompa kilikuwa kichupa cha vidonge vya maumivu. Nimeyaandika yote hayo, hadi namba ya gari. Nina madaftari kumi na tisa.

Watu wa namna hiyo ndio waliokuja kutuambia tukojoe kwenye kikopo mlango ukiwa wazi, choo kimetiwa maji ya buluu, bomba limefungwa kwa utepe wa gundi ili tusichanganye maji. Mimi nilisema mwili wa mtu si spana ya kampuni. Nililisema miaka sita kwenye kila mkutano, wengine wakanichoka. Kwa hiyo Verlin aliponiomba, sikumwona Verlin. Niliwaona wao. Nikajaza kichupa.

Siku ya tano karatasi ya majibu ikarudi.

Afisa usalama wetu aliitwa Prentiss, mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa unanikera zaidi. Alituita wote wawili kwenye kontena, akaigeuza karatasi ili tuisome. Mstari wa bangi: hakuna. Mstari wa kokeini: hakuna. Kisha mstari mmoja uliopigwa wino mweusi: mofini, imeonekana.

Nilimtazama Verlin. Verlin alinitazama mimi. Prentiss alitutazama wote wawili, na nadhani alifikiri anaelewa.

Nje, karibu na magari, Verlin ndiye aliyeanza.

"Ungeniambia, Emil."

"Nikuambie nini?"

"Kwamba na wewe unatumia. Ningemwomba mtu mwingine. Ningemwomba hata padri wenu."

"Mimi situmii kitu!"

"Basi mkojo wako unatumia."

Alisimamishwa kazi siku ileile, akingoja kikao. Mimi nikabaki nazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Kwanza nilisema kampuni imebadilisha vikopo. Halafu nikasema maabara wamelewa wao. Siku mbili nikawa naichunguza kahawa yangu kabla ya kunywa. Nilijikagua mikono bafuni, mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, kutafuta alama ya sindano ambayo nilijua haipo. Ukiambiwa na karatasi yenye mhuri kwamba una mofini, kuna sehemu ndani yako inayoanza kuuliza: nilitumia lini?

Jumamosi nikaenda maktaba ya mji. Shule niliachia darasa la tisa. Nilichonacho nimekiokota kwenye meza zile, kamusi mkono wa kushoto. Nikaomba majarida ya madaktari. Saa tatu nzima nilisoma, na kwenye jarida la nne, ukurasa wa nyuma, nikakuta barua fupi ya daktari mmoja. Alikuwa anawaonya wenzake kuhusu mbegu za mpopi, mmea uleule unaokamuliwa afyuni. Mtu akizila kwa wingi, alisema, mkojo wake kesho yake huonyesha mofini, ingawa yeye mwenyewe hajalewa wala hajui.

Nikafunga jarida.

Sisi ni Wakristo wa kalenda ya kale, Krismasi yetu ni tarehe saba Januari. Wenzetu wote wakishatupa miti yao ya Krismasi barabarani, sisi ndio tunaketi mezani kwa mkesha, tarehe sita Januari jioni, nyota ya kwanza ikitoka. Dini niliiacha zamani, lakini meza ya mama yangu sikuiacha. Na kwenye meza ile, baada ya kitunguu saumu na asali, baada ya supu ya uyoga, huja bobalki: vidonge vya mkate vilivyochovywa kwenye asali na kufunikwa kwa mbegu za mpopi zilizosagwa, nyeusi tii kama lami. Nilikula mabakuli matatu. Usiku uleule. Kesho yake asubuhi nikaenda nyuma ya rundo la boriti.

Nilicheka mle maktabani mpaka mama wa vitabu akasimama. Miaka sita nasema vipimo vyao vinadanganya, wanasema lete ushahidi. Ushahidi umekuja, umetoka tumboni mwangu mwenyewe, na siwezi kuuinua juu bila kueleza uliingiaje kwenye kikopo chenye jina la mtu mwingine. Kicheko kikakatika. Nikakaa pale nikiangalia mikono yangu kama ya mgeni.

Kisha nikakumbuka kiti.

Mezani petu usiku ule tunaacha kiti kimoja wazi, na sahani, na kijiko. Ni cha msafiri ambaye labda atabisha hodi. Wengine wanasema ni cha marehemu. Nikaenda kwa mama yangu, Paraska, wakati huo ana miaka sabini na nane, nikamkuta anafuta vyombo.

"Mama, nataka uandike kwamba Verlin alikuja kula siku ile."

"Verlin yupi?"

"Yule wa milimani, West Virginia. Mwenzangu wa kazini."

"Hakuja."

"Najua, mama. Lakini kile kiti kilikuwa wazi."

Akaacha kufuta. "Kiti ni cha mgeni, Emilko. Si cha kuficha mambo yako."

"Watamfukuza kazi. Ana watoto watatu."

Akakikunja kitambaa cha vyombo. Nilisikia saa ya ukutani, nikasikia jirani anakwangua theluji.

"Mlete," akasema hatimaye. "Aje ale. Akishakula nitaandika kwamba amekula, maana itakuwa kweli. Tarehe utaijaza wewe. Mimi siku hizi tarehe zinanipotea."

Verlin alikuja Jumatano, nywele amezilaza kwa maji, tai shingoni. Mama akamketisha kwenye kiti kilekile, akampakulia bobalki alizozipika upya. Akala vijiko vinne.

"Tamu sana, mama. Kwetu tungeipeleka kwenye maonyesho ya wilaya."

"Mbona umekonda hivyo? Mkeo hapiki?"

"Anapika sana. Tumbo tu ndilo halitaki."

"Tumbo la mtu wa kazi halitaki? Kula, mwanangu. Mtu aliyekonda upepo unamchukua kule juu."

Alicheka, akala cha tano. Mama akachukua kalamu, akaandika kwa herufi zake za kuparaza, akaacha pengo la tarehe. Nikalijaza mimi.

Nilimrudisha Verlin kwa gari langu. Tulipofika mlangoni kwake hakushuka. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa vidonge viwili, akavimeza bila maji, waziwazi, mbele yangu.

"Vya nini hivyo?"

"Mgongo."

"Tangu lini?"

"Tangu lile kochi."

"Verlin. Ni miaka miwili na nusu hiyo."

"Najua kuhesabu, Emil."

"Daktari wa kampuni anakupa mpaka leo?"

"Yule alishaacha. Nikampata mwingine. Wapo wa kutosha wanaotoa." Akafuta ukungu kwenye kioo kwa mkono wa koti. "Ni vya ukoo mmoja na ile mofini waliyoiona. Nimesoma karatasi yake ya maelezo."

"Mbona uliniambia bangi?"

"Ungenipa mkojo kwa ajili ya vidonge?"

 Mpaka leo sijajibu. Nikamuuliza mimi:

"Pale chooni. Ulimimina wangu?"

"Nilimimina."

"Ulikuwa bado wa moto? Tangu saa kumi na mbili na nusu mpaka saa nne, kwenye baridi ile?"

Alishika kitasa cha mlango. Injini ilikuwa inatetema. Taa ya barazani kwake ikawaka, na mkewe, Arlene, akachungulia.

"Wa moto wa kutosha," akasema, akashuka.

Ndivyo nilivyoingia kwenye kikao cha Ijumaa. Najua vitu viwili, mpopi na vidonge, na kimoja kikiwa kweli kingine hakina kazi. Kama Verlin alimimina wangu, basi kikopo kilikuwa cha mtu asiye na kosa na karatasi ilikuwa ya uongo. Kama kile kichupa kilipoa, akaogopa, akakojoa wa kwake, basi karatasi ilikuwa ya kweli tupu, na mimi nilikuwa ninakwenda kuiua kwa Krismasi ya mama yangu.

Prentiss alianza kabla sijafungua faili. "Kampuni haina haja ya kumfukuza," akasema. "Aende kituo cha matibabu, siku ishirini na nane. Jina lake halitatangazwa. Akirudi kazi yake ipo." Alisema akimtazama Verlin, si mimi.

Na Verlin aliinua kichwa. Niliona midomo inafunguka. Hilo nimelirudia mara ngapi, sijui: midomo inafunguka, pumzi inaingia, mtu anajiandaa kusema. Nikamwekea mkono begani, nikasimama.

"Mwanachama wetu haumwi," nikasema. "Mwanachama wetu alikula chakula cha Krismasi."

Niliongea dakika ishirini na tano. Nilisoma barua ya daktari neno kwa neno. Nilisoma ya mama. Nilileta bakuli la mbegu, nikamsogezea mwanasheria wao anuse. Nikalitaja kochi, tarehe, saa, namba ya gari, na nikaona nyuso zao zinabadilika rangi, na nakiri, lilikuwa tamu kuliko asali. Sikulitaja neno vidonge. Walitoka nje, wakarudi. Karatasi ikafutwa. Wiki ile ukumbi wa chama ulinipigia makofi kwa mara ya kwanza tangu 1988, na mzee mmoja aliyezoea kusinzia nikihutubia alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umesema vizuri, Mkomunisti," Verlin aliniambia ngazini. Ni hilo tu.

Nimewahi kufikiri kwamba labda pale kikaoni alikuwa anataka kukubali matibabu. Nimewahi kufikiri pia kwamba alikuwa anataka kupiga chafya. Alikufa mwaka 2004, kitandani kwake, ana miaka hamsini na sita. Arlene aliniambia kwenye simu ni moyo, akatulia kidogo, kama anayengoja nimuulize. Sikumuuliza.

Lakini ninayotaka kuyasema ni ya Jumatatu baada ya kikao, Verlin aliporudi kazini.

Tulipanda saa moja. Jua lilikuwa jeupe, chuma kimevaa barafu. Boriti ya kwanza ikaja, tukaifunga. Ya pili. Ilipokuja ya tatu nilijikuta siiangalii boriti, namwangalia Verlin. Nikafungua mkanda, nikashuka ngazi zote mpaka kwenye kontena la Prentiss.

"Nataka kubadilishiwa mwenzangu," nikasema.

Aliweka kikombe chini. "Verlin? Wiki iliyopita ulimpigania kama ndugu yako."

"Nataka tu kubadilishiwa."

"Kuna nafasi ya sababu hapa kwenye fomu. Niandike nini?"

Nilikuwa nakijua kifungu cha shaka kuliko yeye. Neno lolote lenye shaka juu ya mtu, likisemwa na yeyote, linaandikwa, na likishaandikwa mtu anashushwa saa ileile apewe kikopo. Safari hii hakungekuwa na orodha ya asubuhi wala kichupa. Angekojoa wa kwake, kisha angeondoka, na kadi yake ya chama ingebaki karatasi ya kusafishia kioo. Nikinyamaza, nitarudi kwenye boriti na mtu nisiyejua ana nini kwenye damu. Na labda hana kitu. Labda ni vidonge viwili kwa siku, na mgongo uliovunjwa na kampuni, na hakuna zaidi.

"Emil," Prentiss akasema, akashusha sauti, "kuna kitu unataka kuniambia?"

Ningeweza kumchukia kwa urahisi kama angeuliza kwa ukali.

"Hakuna."

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi."

Akaitazama fomu, akaitazama kalamu, akavirudisha vyote viwili mezani. "Basi rudi juu. Winchi inawangoja."

Nikapanda. Verlin alikuwa amekaa ncha ya pili, miguu inaning'inia, anapuliza viganja.

"Ulikuwa wapi?"

"Chooni."

"Hee! Bado umebakiwa na cha kutoa?" Akacheka, na kicheko chake kikaenda mbali juu ya mto.

Boriti ikaja ikiyumba. Akainuka, akaidaka kwa kiganja kimoja, akaituliza kama mtu anayetuliza farasi, akatia mkia uliochongoka wa spana kwenye tundu, akavuta, akapachika bolti, akaizungushia nati. Hakupapasa wala hakutafuta. Mikono yake haikutikisika hata chembe. Niliitazama muda mrefu nikijaribu kukumbuka kama ilikuwa hivyo siku zote, miaka saba yote, au kama ni utulivu mwingine huu, ule unaomezwa bila maji. Sikuweza kukumbuka. Nilikuwa sijawahi kuitazama.

"Emil!" akapiga kelele kutoka kule. "Umelala? Bolti yako!"

Nikatazama chini. Upande wangu matundu yalikuwa bado wazi.